Mluzi kutoka angani: darasa la fizikia lililogundua kituo cha siri cha roketi

Umewahi kusimama kando ya barabara kuu, basi la mkoani likapita mbio huku dereva kaikandamiza honi? Siku nyingine sikiliza vizuri. Basi likiwa linakuja, honi inasikika nyembamba. Likishakupita tu, sauti ileile inashuka, inakuwa nzito. Dereva hajabadilisha honi. Kilichobadilika ni kwamba mwanzo chanzo cha sauti kilikuwa kinakujia, na sasa kinakuacha.

Wengi wetu tulikutana na jambo hili kidato cha tano, likiwa na jina lake rasmi la athari ya Doppler na fomula yake ubaoni. Tukaikariri, tukaiandika kwenye mtihani, na kwa kweli wengi tuliiacha hukohuko kwenye chumba cha mtihani.

Leo nataka nikusimulie habari za mwalimu mmoja wa fizikia huko Uingereza aliyetaka wanafunzi wake waisikie athari hii kwa masikio yao. Kifaa alichochagua kufundishia kilikuwa satelaiti za Umoja wa Kisovieti. Hakuziomba, wala hakuzilipia. Zilikuwa zinapita juu ya shule yake kila siku, zikipiga kelele redioni. Miaka sita baada ya kuanza, mwalimu huyu na wanafunzi wake waliutangazia ulimwengu mahali kilipo kituo cha kurushia roketi ambacho serikali ya Moscow ilikuwa haijawahi kukitaja.

Nakileta kisa hiki hapa kwa sababu moja. Siku hizi mwalimu wa sayansi anaweza kuletewa vitu vingi vya anga: mabango ya sayari, video za wanaanga, programu za simu, roketi za kuunganisha kwa gundi. Wanafunzi wanashangilia, picha zinapigwa, na wiki inayofuata mambo yanarudi palepale. Kwa nini vifaa vingine vinaacha alama na vingine vinapita kama sherehe? Historia ina jibu, na jibu lenyewe halihusu sana bei ya kifaa.

Sputnik yapita juu ya kila mtu

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik 1, satelaiti ya kwanza kutengenezwa na binadamu. Ilikuwa tufe la chuma lenye kipenyo cha sentimita 58 na uzito wa kilo 83.6, likiwa na antena nne ndefu. Kazi yake kubwa ilikuwa kulia "bip, bip, bip" kwenye masafa ya karibu megahezi 20 na megahezi 40. Masafa ya megahezi 20 yako kwenye mawimbi mafupi, yaani palepale ambapo watu wa wakati ule walikuwa wakisikiliza idhaa za nchi za mbali. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye redio nzuri kidogo na waya wa antena aliweza kuisikia. Ililia kwa wiki tatu hivi, mpaka betri zikaisha.

Huko Marekani, kwenye maabara ya fizikia tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, vijana wawili, William Guier na George Weiffenbach, waliketi kuisikiliza. Wakagundua kwamba mlio unashuka kadiri satelaiti inavyopita, kama honi ya lile basi letu. Wakapima kushuka huko kwa makini, na kwa hesabu tu wakaweza kujua satelaiti inapita wapi. Mwaka 1958 bosi wao mmoja, Frank McClure, akaligeuza swali: kama tunajua satelaiti ilipo, je, msikilizaji anaweza kujua yeye mwenyewe yuko wapi? Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa Transit ulioongoza meli na nyambizi za Marekani, mtangulizi wa GPS iliyomo kwenye simu yako.

Sasa ona: wataalamu wa maabara kubwa na mwalimu wa sekondari walikuwa wanasikiliza anga moja. Satelaiti haiulizi una shahada ngapi.

Mwalimu Perry na mwalimu Slater

Kettering ni mji wa wastani katika mkoa wa Northamptonshire, katikati ya Uingereza, uliojulikana zaidi kwa viwanda vya viatu. Ulikuwa na shule ya wavulana iliyoitwa Kettering Grammar School. Geoffrey Perry alifundisha fizikia pale. Mwenzake Derek Slater alifundisha kemia, lakini nje ya kemia alikuwa mpenda redio wa kweli, mmoja wa wale watu wanaorusha na kupokea mawimbi kama burudani yao.

Perry alikuwa na wazo, Slater alikuwa na ujuzi wa redio. Wakakubaliana kujaribu kunasa satelaiti ili wanafunzi wasikie athari ya Doppler ikitokea papo hapo. Mei 1960 Wasovieti walirusha chombo kizito ambacho magazeti ya Magharibi yalikiita Sputnik 4. Wasovieti wenyewe walikuwa wakijaribu chombo ambacho mwaka uliofuata kingembeba Yuri Gagarin. Mlio wake ulisikika Kettering. Tangu hapo redio haikuzimwa, kwa namna ya kusema.

Hebu tuingie kidogo kwenye fizikia yenyewe, kwa sababu hapa ndipo utaona kwa nini somo hili lilikuwa tamu. Satelaiti iliyo karibu na dunia inakwenda karibu kilomita 8 kwa sekunde. Mwanga na mawimbi ya redio vinakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya: mwendo wa satelaiti ni kama sehemu moja kati ya 40,000 ya mwendo wa mawimbi yake. Kwa hiyo masafa ya megahezi 20, yaani hezi 20,000,000, yanapanda kwa karibu hezi 500 satelaiti ikiwa inakuja, na yanashuka kwa karibu kiasi hichohicho ikiwa inaondoka.

Hezi 500 kati ya milioni 20! Utadhani hakuna sikio la kuligundua hilo. Lakini redio ya mawimbi mafupi ina ujanja. Inachanganya wimbi linalotoka angani na wimbi inalolitengeneza yenyewe ndani, kisha inakusikilizisha tofauti ya masafa yao. Tofauti hiyo inatoka kwenye spika kama mluzi. Badiliko la hezi mia kadhaa kwenye mluzi linasikika na mtu yeyote, hata asiyejua muziki. Mluzi unaanza juu, unashuka polepole, halafu ghafla unashuka kwa kasi, kisha unatulia chini. Pale unaposhuka kwa kasi kuliko pote ndipo satelaiti iko karibu nawe kuliko wakati wowote mwingine. Andika saa. Umeshapata kipimo chako cha kwanza cha anga.

Ngoja sasa mzunguko unaofuata, andika saa tena. Ukitoa saa ya kwanza kwenye ya pili unapata muda wa kuzunguka dunia mara moja, karibu dakika 90. Ukiwa na muda huo, sheria ya tatu ya Kepler inakupa kimo: obiti ya dakika 90 iko wastani wa kilomita 280 hivi juu ya ardhi. Mwanafunzi wa sekondari, kwa saa ya ukutani na penseli, kajua kimo cha chombo cha Wasovieti. Hilo si jambo dogo.

Daftari la mambo ya kawaida

Kuanzia Machi 1962 Wasovieti walianza kurusha satelaiti nyingi chini ya jina moja tu: Kosmos. Shirika lao la habari, TASS, lilikuwa likitoa tangazo fupi kila mara: Kosmos namba fulani imerushwa, inazunguka kwa dakika kadhaa, kimo chake cha juu ni hiki na cha chini ni hiki, mwinamo wake kutoka kwenye ikweta ni digrii kadhaa. Kazi yake? Eti utafiti wa anga. Imerushwa kutoka wapi? Kimya.

Kettering waliendelea kusikiliza. Wanafunzi waliandika tarehe, saa, masafa, aina ya mlio. Baada ya muda sura ikaanza kujitokeza. Baadhi ya Kosmos zililia karibu na megahezi 20, zikakaa angani kama siku nane, halafu zikanyamaza kwa sababu zilikuwa zimerudishwa duniani. Chombo cha kupima hali ya anga hakina haraka ya kurudi nyumbani. Chombo kinachorudi baada ya wiki moja kina kitu ndani ambacho mtu anakitaka mkononi. Kitu hicho kilikuwa filamu. Hizi zilikuwa satelaiti za kupiga picha za kijasusi, na jina lake halisi, Zenit, lilikuja kufahamika hadharani miaka mingi baadaye.

Nataka usilipite jambo hili haraka. Kati ya 1960 na mwanzoni mwa 1966 hakukuwa na tukio la kutangaza kwenye televisheni. Kulikuwa na daftari. Siku baada ya siku, mluzi uleule, saa zilezile zinazotabirika. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote za kisa hiki. Mtu asiyejua kawaida ya kitu hawezi kuona kisicho cha kawaida.

17 Machi 1966

Siku hiyo TASS ilitangaza Kosmos 112. Mwinamo wake ulikuwa digrii 72, ambao haukuwa wa kawaida kwa satelaiti za aina ile. Na pale Kettering, saa za kupita kwake hazikulingana na chombo kilichorushwa kutoka kituo kinachojulikana cha Kazakhstan, kile Wasovieti walichokiita Baikonur. (Hata jina hilo lilikuwa la kupoteza maboya. Kituo chenyewe kiko karibu na Tyuratam, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji ulioitwa Baikonur.)

Perry angeweza kusema, "Labda tumekosea kuandika saa." Ila madaftari ya miaka sita yalikuwa yanamwambia kwamba darasa lake halikosei kiasi hicho. Aprili ikaja Kosmos 114, na mambo yakawa yaleyale. Hapo swali likabadilika. Mwanzo lilikuwa "tumekosea wapi?" Sasa likawa "hivi hizi zinatoka wapi?"

Jibu lilipatikana kwa namna ambayo wewe pia unaweza kuifuata ukiwa na tufe la ramani na uzi. Satelaiti inazunguka kwenye obiti yake huku dunia nayo ikijizungusha chini yake kuelekea mashariki, digrii 15 kwa saa. Katika dakika 90 dunia inakuwa imegeuka digrii 22 na nusu. Kwa hiyo kila mzunguko satelaiti inapita upande wa magharibi zaidi ya ilikopita mwanzo. Kwenye ikweta hatua hiyo ni kama kilomita 2,500. Sasa rudi nyuma. Anza na saa satelaiti ilipopita Kettering, toa mzunguko mmoja, sogea mashariki digrii 22 na nusu. Toa mwingine, sogea tena, mpaka ufike kwenye mzunguko wa kwanza kabisa. Chora mstari wa mzunguko huo kwenye ramani. Kituo cha roketi lazima kiwe mahali fulani juu ya mstari huo, kwa sababu roketi ilianzia hapo.

Tatizo ni kwamba mstari ni mrefu. Unapita mahali pengi. Ili upate nukta moja unahitaji mstari wa pili wenye mwinamo tofauti, uukate ule wa kwanza.

Tarehe 14 Oktoba 1966 mstari wa pili ulikuja. Kosmos 129 ilirushwa kwa mwinamo wa digrii 65. Nayo, ukiirudisha nyuma, haikufika Kazakhstan. Mistari ikakatana kaskazini kabisa mwa Urusi, mkoa wa Arkhangelsk, karibu na latitudo 63 kaskazini, jirani na mji mdogo uitwao Plesetsk, kama kilomita 800 kaskazini mwa Moscow.

Kuna jambo jingine linaloipa nguvu hesabu hii, na linatugusa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Roketi ikirushwa moja kwa moja bila kukata kona angani, mwinamo wa obiti hauwezi kuwa mdogo kuliko latitudo ya mahali ilipotokea. Ndiyo maana mwaka 1970, Wamarekani walipotaka satelaiti yao ya kuchunguza miali ya X izunguke karibu kabisa na ikweta, waliileta kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, latitudo 3 kusini. Ilirushwa tarehe 12 Desemba, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru, na mwinamo wake ukawa digrii 3. Plesetsk, ikiwa latitudo 63, haiwezi kufanya hivyo. Chochote kinachotoka kule kwa njia ya moja kwa moja lazima kiwe na mwinamo wa digrii 63 na kuendelea. Sitini na tano na sabini na mbili zote zinapita mtihani huo.

Mwishoni mwa mwaka 1966 habari ikatoka. Shule ya sekondari imegundua kituo kipya cha roketi cha Wasovieti! Magazeti yakaipokea kwa mikono miwili.

Nani alikuwa anajua, na nani hakujua

Hapa lazima tuwe waaminifu. Majasusi wa Marekani walikuwa wanajua kwamba Plesetsk kuna kitu. Palikuwa pamejengwa kambi ya makombora ya masafa marefu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Tarehe 1 Mei 1960 rubani Gary Powers aliruka na ndege ya kijasusi ya U-2 kutoka Peshawar, Pakistan, na Plesetsk ilikuwa mojawapo ya sehemu alizopangiwa kupiga picha. Hakufika. Aliangushwa karibu na Sverdlovsk, akakamatwa, na mkutano wa wakuu wa mataifa makubwa huko Paris ukavunjika. Wiki mbili baada ya Powers kuangushwa, Perry na Slater walikuwa wananasa mluzi wa Sputnik 4.

Baadaye satelaiti za kijasusi za Marekani zilipiga picha zilizotakiwa. Lakini picha hizo zilifungiwa kabatini. Serikali mbili zilikuwa zinajua, na wananchi wa pande zote mbili walikuwa hawajui. Kilichofanywa na Kettering ni kuitoa habari hiyo kwenye makabati na kuiweka gazetini, tena kwa njia ambayo mtu yeyote angeweza kuihakiki: hizi hapa saa, hii hapa ramani, chora mwenyewe. Kosmos 112 ilikuwa satelaiti ya kwanza kabisa kurushwa kutoka Plesetsk, na darasa la sekondari lililishuku jambo hilo tangu mwanzo. Moscow ilikiri rasmi kuwepo kwa kituo hicho mwaka 1983, miaka 17 baadaye.

Perry alitunukiwa nishani ya MBE mwaka 1973. Kikundi cha Kettering kikapata wasikilizaji katika nchi nyingine, akiwemo Sven Grahn wa Sweden, na kikaendelea kufuatilia vyombo vya anga kwa miongo mingi. Perry alifariki mwaka 2000.

Siri ya somo lile

Tusidanganyane. Kettering Grammar School ilikuwa shule ya kuchagua. Walioingia walikuwa wamechujwa kwa mtihani wakiwa na miaka 11 hivi, na wasichana hawakuwemo. Perry alibahatika kuwa na Slater ofisi ya walimu moja. Na Vita Baridi vilikuwa vinajaza anga satelaiti mpya kila mwezi. Huwezi kuchukua kisa hiki ukakibandika kwenye shule yoyote ukategemea matokeo yaleyale.

Hata hivyo kuna mambo matatu ambayo hayakutegemea bahati. Kwanza, kifaa kilitumika kufundisha kitu kilichokuwemo kwenye mtaala tayari. Doppler, Kepler, kujizungusha kwa dunia: yote haya mwalimu alitakiwa kuyafundisha hata hivyo. Anga haikuja kuongeza mada, ilikuja kuzibeba zilizopo. Pili, wanafunzi waliandika data zao wenyewe, kwa muda mrefu, hata siku zisizo na msisimko. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwalimu hakuwa na jibu mfukoni. Kosmos 112 ilipopita, Perry naye alikuwa hajui. Mwanafunzi anajua haraka sana kama mwalimu anauliza swali kwa sababu anataka jibu, au anauliza kumpima.

Nyanya zilizosahaulika angani

Unaweza kuniambia, "Sawa, lakini huyo alikuwa mwalimu wa aina yake. Vipi kuhusu vifaa vinavyotumwa shuleni na mashirika yenyewe, kwa walimu wa kawaida?" Swali zuri. Mfano mmoja unatosha, nao hauna redio hata moja.

Aprili 1984 chombo cha Challenger kiliacha angani mtambo wa utafiti wenye ukubwa wa basi, uitwao LDEF. Ndani yake, pamoja na majaribio mengine mengi, kulikuwa na mbegu za nyanya milioni 12.5. Mpango ulikuwa zikae angani kama mwaka mmoja kisha zigawiwe mashuleni. Ratiba zikasogezwa. Halafu tarehe 28 Januari 1986 Challenger ilipasuka muda mfupi baada ya kuruka na watu wote saba wakafariki, akiwemo Christa McAuliffe, mwalimu wa sekondari aliyekuwa amepangiwa kufundisha masomo mawili kutoka angani. Safari zote zikasimama. Mbegu zikabaki zikizunguka. Zilirudishwa na Columbia Januari 1990, zikiwa zimekaa huko karibu miaka sita.

NASA ikazifunga kwenye vifurushi, kila kimoja na mbegu za angani na mbegu za aina ileile zilizobaki duniani, ikavituma. Walishiriki wanafunzi zaidi ya milioni 3 na walimu wapatao 64,000. Maelekezo yalikuwa mepesi: panda zote mbili, linganisha, andika, rudisha matokeo. Katikati ya zoezi magazeti yakaandika kwamba nyanya hizo huenda zikawa na sumu. NASA ikakanusha, na walimu wakajikuta na somo ambalo halikupangwa: tutajuaje kama ni kweli? Mwisho wa siku, mimea ya angani na ya duniani haikutofautiana sana.

Mtu anaweza kusema ni matokeo ya kuchosha. Mimi naona kinyume chake. Mbegu zilizokaa miaka sita kwenye baridi, joto na mionzi ya anga zimeota kama za dukani: hilo lenyewe ni habari, na hakuna mwalimu aliyelijua kabla ya miche kuchomoza. Kifaa kilitoka kwa shirika kubwa, lakini kilikuja na swali lililo wazi. Nadhani unaona kinachokiunganisha na redio ya Kettering.

Sasa zamu yako

Kama wewe ni mwalimu, au una mdogo wako shuleni, nakupa zoezi lisilohitaji hata redio. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS, kina mwinamo wa digrii 51.6, kwa hiyo kinapita juu yetu sote tunaoishi karibu na ikweta. Kinaonekana kwa macho baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, kama nyota kali inayotembea bila kumetameta, na kinamaliza anga kwa dakika chache tu. Saa za kupita kwake zinapatikana bure mtandaoni. Angalia saa ya mara ya kwanza tu, ili msikose kukiona. Baada ya hapo fungeni simu.

Mpe kila mwanafunzi daftari. Waandike saa kilipotokea, kilitokea upande gani, kikapotelea upande gani. Baada ya siku kadhaa waulize: kesho kitapita saa ngapi? Kwa nini leo kimetoka kusini-magharibi na juzi kilitoka kaskazini-magharibi? Kwa nini hakitoki mashariki kamwe? Waache wachore kwenye tufe, wabishane, wakosee. Kisha mtoke nje kesho yake jioni, mtazame juu, mwone nani kapatia.

Wakikuuliza kitu usichokijua, usijali. Waambie hujui, na uandike swali hilo kwenye daftari lako.